Bustani inatoa mwezi mmoja kisha inagoma: shida iko kwenye kuvuna

Swali: Bwana shamba, shikamoo. Niko Kibaha, nina bustani nyuma ya nyumba, matuta manne ya mita 1 kwa mita 5. Nimepanda mchicha, sukuma wiki, bamia, nyanya chungu na nyanya kidogo. Mwezi wa kwanza wa mavuno tunakula mpaka tunagawia majirani, halafu kila kitu kinagoma. Mchicha unatoa maua, sukuma inabaki na vijani vidogo kileleni, bamia zinakuwa nyuzinyuzi, nyanya zinaoza kitakoni. Samadi niliweka, maji namwagilia kila jioni. Nakosea wapi? Na kwa siku natakiwa kufanya nini hasa?

Jibu: Marahaba, dada. Kwa ulivyoeleza, mbegu hazina kosa na udongo bado una nguvu. Ukiacha hizo nyanya, ambazo shida yake ni maji na nitazifikia, yaliyobaki yanatokana na namna unavyovuna. Jani ndilo jiko la mmea: chakula chake kinapikwa humo, na ukichuma majani mengi kwa mkupuo mmoja unauacha na njaa. Tunda ni kinyume. Likikomaa na kubeba mbegu, mmea unapunguza maua kwa kuwa umeshapata kizazi. Likichumwa changa, unazaa tena. Kwa hiyo kwenye sukuma watu hukosea kwa kuchuma kupita kiasi, na kwenye bamia hukosea kwa kuchelewa. Naona wewe umefanya yote mawili.

Tuanze na sukuma. Mche uliotoka kitaluni ukiwa na majani 4 au 5 uachwe tutani wiki 5 hadi 6 bila kuguswa. Siku ya kuanza kuchuma uwe na majani yasiyopungua 10. Chuma ya chini tu, 2 au 3 kwa mche, mara moja kwa wiki, na kila mara uache juu majani 6 au 7 yaliyokwisha kukunjuka, mbali na yale madogo ya kileleni. Yahesabu, usikadirie kwa macho. Mche wenye afya hutoa majani mapya 2 au 3 kwa wiki, na hicho ndicho kiasi unachoweza kuchukua bila kula mtaji. Kinachotokea majumbani ni kwamba wageni wamefika, mtu anachuma 5 au 6, mche unabaki na vijani vitatu na jua kali linaupiga. Jani linalofuata linatoka dogo kwa sababu hakuna cha kulilisha. Wiki ijayo anachuma tena, linatoka dogo zaidi. Hapo mwenye bustani anasema sukuma imezeeka, kumbe ina njaa.

Tuta lako moja linabeba miche 20: mistari miwili, sentimita 50 kutoka mche hadi mche. Kwa kipimo nilichosema utapata majani 40 hadi 60 kwa wiki, yaani milo miwili ya mboga kwa familia ya watu 5. Ukitaka milo minne ongeza miche. Usiongeze majani unayochuma kwa kila mche.

Unapochuma, shika kikonyo pale kinapokutana na shina, kivute chini na kando kidogo, kinyofoke mara moja. Ukikatia katikati, kipande kinachobaki huoza na kupitisha ugonjwa. Ukivuta kwa nguvu kuelekea chini tu, unachuna ganda la shina. Majani ya chini yaliyogeuka njano yatoe hata kama hamyali, wape kuku. Hayapikii mmea chochote tena, na wadudu mafuta hupenda kujificha chini yake. Lakini uwe macho na njano yenye umbo la herufi V, inayoanzia ukingoni mwa jani huku mishipa imekuwa myeusi. Huo ni uozo mweusi, unaletwa na bakteria. Mche huo ung'oe wote, uufukie mbali au uuchome, nawa mikono kabla ya kushika mwingine, na usipande jamii ya kabichi hapo kwa miaka miwili au mitatu.

Hiyo sukuma yako iliyobaki na vijani usiing'oe bado. Iache wiki 3 bila kuchuma, ilishe (nitaeleza), na toa machipukizi ya pembeni yakiwa na urefu wa kidole ili nguvu iende juu. Iliyokwisha kuwa ndefu hadi magotini, shina jembamba na tupu, ikate kichwa na uache machipukizi 2 au 3 yenye nguvu yashike nafasi. Machipukizi unayoyatoa, yakiwa na sentimita 10 hadi 15, yanashika yakipandwa kivulini na kumwagiliwa kila siku. Hiyo ni miche ya bure.

Mchicha una hesabu nyingine kabisa. Ni mboga ya wiki chache, na wengi wanaolalamika kuwa umetoa maua walisia tuta zima siku moja, wakala wiki mbili, kisha wakataka uendelee kuwasubiri. Kiu, njaa na msongamano vinauharakisha kutoa maua, lakini hata ukiulea vizuri utafika huko tu. Dawa yake ni kusia kidogo kidogo. Gawa tuta lako la mchicha vipande vitano vya mita 1. Kila wiki sia kipande kimoja. Wiki ya tano kipande cha kwanza kimefikia kuliwa, wiki ya sita kiko tupu na kinasiwa upya. Ukifanya hivyo mchicha hautaisha wala hautakuzidi. Kipande cha mita 1 ya mraba kilichotunzwa hutoa kilo 1 hadi 2 kikivunwa kwa kung'oa.

Mbegu kwa kipande hicho ni theluthi moja ya kijiko cha chai. Najua inaonekana kama si kitu. Ichanganye na konzi mbili za mchanga mkavu ili isimwagike pamoja, itie kwenye mifereji yenye kina kisichozidi sentimita 1, umbali wa sentimita 20 kati ya mstari na mstari, kisha funika na udongo laini kwa wepesi. Tandaza nyasi kavu, mwagilia kwa matone madogo. Inaota siku ya 3 hadi ya 5. Siku hiyohiyo jioni ondoa nyasi, la sivyo miche itarefuka myembamba na kulala. Sisimizi wakiwa wengi watabeba mbegu usiku mmoja, kwa hiyo zungushia jivu kavu.

Kuvuna, una njia mbili. Ya kwanza ni kung'oa kati ya wiki ya 3 na ya 4, ukianza na mirefu ili midogo ipate nafasi ya kujaza. Ya pili ni kukata: punguza miche ibaki sentimita 15 kutoka mmoja hadi mwingine, na ikifika urefu wa sentimita 30 kata kwa kisu kikali sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, ukihakikisha chini ya mkato yamebaki majani machache na macho 3 au 4. Itachipua pembeni na utakata tena baada ya siku 10 hadi 14. Mara 3 au 4 zinatosha. Baada ya hapo majani yanakuwa madogo, shina linakuwa mti, na ni heri kipande kipumzike na kusiwa upya. Kwa eneo dogo kama lako naona kung'oa kunalipa zaidi, maana kipande kinazunguka haraka. Ukiona kishada cha maua kimoja kimoja kibane kwa vidole. Tuta zima likiwa na vishada, ng'oa leo, chambua majani mkapike, mashina yaende kwenye mboji kabla mbegu hazijadondoka na kuwa magugu ya mwakani.

Sasa bamia, ambako kosa ni la upande wa pili. Ua linafunguka asubuhi na kusinyaa siku hiyohiyo. Siku 4 hadi 6 baadaye bamia ina sentimita 7 hadi 10, na hapo ndipo huchumwa. Siku mbili zaidi ni kamba. Maana yake bustani yenye bamia inapitiwa siku moja ndiyo, siku moja hapana, bila kukosa, hata kama nyumbani kuna mboga nyingine. Jaribu kwa ncha: ipinde kwa kidole, ikikatika kwa mlio ni changa, ikipinda bila kukatika imekomaa. Kata kwa kisu au mkasi, usivute, kwa kuwa shina lake lina nyuzi na litachanika. Vaa mikono mirefu, vinyweleo vyake vinawasha.

Zile ngumu zilizopo sasa kwenye miche yako zikate zote leo, ingawa hazifai kuliwa. Hilo ndilo jambo watu hawalifanyi: wanaacha bamia kavu zining'inie huku wakishangaa kwa nini maua hayaji. Ukitaka mbegu, chagua mche mmoja wenye afya kuliko yote, ufunge kitambaa, uuache huo peke yake ukaushe matunda yake.

Nyanya chungu inafuata kanuni hiyohiyo kwa upole zaidi. Kila siku 5 hadi 7 chuma yaliyofikia ukubwa wake, yanayong'aa, meupe au ya kijani kulingana na aina, kabla hayajaanza rangi ya chungwa. Yakiwa mekundu, ngozi ni ngumu na mche umeshapunguza kasi. Kata na kikonyo chake. Mche huu una umri mrefu, unaweza kuzaa miezi mingi. Ukichoka, upogoe ubaki na urefu wa sentimita 30 hivi, uulishe, nao utarudi. Kama hampendi uchungu, msimu ujao tafuta mbegu ya DB3.

Kuhusu nyanya kuoza kitakoni: huo si ugonjwa wa kuambukiza, na dawa ya ukungu haitausaidia. Tunda limekosa madini ya kalisi wakati likikua. Mara nyingi kalisi ipo udongoni, ila inasafiri na maji, na maji yakija leo mengi, kesho hakuna, haifiki mwisho wa tunda. Udongo wa kichanga, ambao maeneo yenu yanao mwingi, unazidisha shida kwa sababu haushiki maji. Mtu atakwambia umwage maganda ya mayai. Usimkatalie, lakini yanachukua miezi mingi kuoza na msimu huu hayatakufaa kitu.

Chunguza umwagiliaji wako. Jioni moja, nusu saa baada ya kumwagilia, chimba kwa mkono kando ya mche. Ukikuta unyevu umeishia sentimita 3, umekuwa ukilowesha vumbi tu. Maji yanatakiwa kufika sentimita 15 hadi 20. Wakati wa jua kali, mita 1 ya mraba ya mboga inataka lita 5 kwa siku, kwa hiyo tuta lako moja ni lita 25, ndoo moja kubwa na robo. Mche wa nyanya wenye matunda upewe lita 2 hadi 3, shinani. Mvua ya milimita 5 ni sawa na hizo lita 5 kwa mita, na siku hiyo unapumzika; manyunyu ya dakika kumi hayahesabiki. Kisha weka matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Kwa mchanga wa Pwani, matandazo ndiyo kazi moja ambayo ningekusihi usiiache.

Hamisha pia umwagiliaji uwe asubuhi. Ukimwagilia jioni juu ya majani yanalala yamelowa, na ukungu wa nyanya hauhitaji mwaliko zaidi ya huo. Kama maji ya bomba yanatoka jioni tu, jaza ndoo na madumu, umwagilie kukicha. Ikibidi jioni, mwaga shinani.

Nyanya zilizoharibika kitako zitoe, hazitapona, zinakula nguvu bure. Nzuri zichume zikiwa na theluthi moja ya wekundu, ziivie ndani kivulini. Zikiachwa zikolee mtini hupasuka siku mvua ikishuka baada ya ukame, na ndege huzipata kabla yako. Ukiona tundu dogo kama la sindano karibu na kikonyo, na majani yana mabaka makavu yenye viwavi ndani yake, huyo ni kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na hajaondoka. Majani na matunda yenye mashimo yafungie kwenye mfuko wa plastiki mzito, uuanike juani siku kadhaa. Usiyatupe kwenye mboji, atamalizia kukua humo.

Sasa kulisha. Ulisema samadi uliweka. Ndoo ya lita 20 ya samadi iliyoiva kwa mita 2 za mraba kabla ya kupanda ni kipimo kizuri, lakini kila kapu la majani unaloingiza jikoni limetoka na sehemu ya ile samadi. Mboga inayovunwa kila wiki inalishwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Ukitaka mbolea ya asili, jaza samadi theluthi ya ndoo, jaza maji, funika, koroga kila siku kwa siku 10 hadi 14, chuja, kisha changanya lita 1 ya maji hayo na lita 2 za maji safi ipate rangi ya chai isiyo na maziwa. Nusu lita kwa mche wa sukuma kila wiki 2. Mwaga chini, kamwe si juu ya majani mtakayokula, kwa sababu samadi ina vijidudu vya tumbo. Kwa sababu hiyohiyo usiitumie kwenye mchicha mdogo uliobanana. Ya dukani ni CAN, mbolea ya chengachenga ya kukuzia, kizibo kimoja cha soda kwa mche, ambacho ni kama gramu 5, kwa mzunguko wa sentimita 10 kutoka shinani, fukia na mwagilia. Rudia kila wiki 4. Mchicha uliokatwa upewe urea kijiko kimoja cha chakula kwenye maji lita 10, kwa mita 2 za mraba, kisha usuuze majani kwa maji matupu yasiungue. Nyanya na bamia usizishindilie urea: zitapendeza kwa majani na kukunyima matunda, na kitako kitaoza zaidi.

Ratiba yako ya siku, basi. Saa 12 na nusu asubuhi pita bustanini na kapu na kisu kabla ya ndoo. Vuna kwanza, majani yakiwa makavu na yamejaa maji ya usiku ndani yake. Ukimwagilia kwanza utabeba mboga iliyolowa maji itakayooza ndani ya kapu. Unapovuna geuza jani moja kwa kila mche wa tatu. Wadudu mafuta wachache waminye kwa kidole. Wakiwa wengi, sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita 1 ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, rudia baada ya siku 4. Viwavi wa sukuma wanataka mwarobaini: gramu 50 za mbegu kavu zilizotwangwa kwa lita 1, zilale usiku, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni kwa kuwa jua huua nguvu yake. Dawa za dukani kwa bustani ya namna hii mimi sizishauri, na sababu ni ya hesabu tu: kibandiko kinasema subiri siku 7 au 14 kabla ya kuvuna, nawe unavuna bamia kila baada ya siku moja. Mwisho mwagilia. Kazi yote ni dakika 30 ukishazoea. Palizi ni mara moja kwa wiki, kwa kijembe, kina cha sentimita 2 au 3 tu, asubuhi ya siku ya jua ili magugu yakauke palepale.

Majani yaliyovunwa yaweke kivulini, yafunike na kitambaa kilicholoa, na usiyaoshe mpaka saa ya kupika. Mchicha uliong'olewa na mizizi, usimamishwe kwenye bakuli lenye maji kidogo, hukaa mpaka kesho yake bila kusinyaa. Nyanya zisiingie friji kabla ya kuiva.

Kila unapong'oa mche uliochoka, angalia mizizi kabla ya kuutupa. Ikiwa na vifundo kama shanga, una minyoo fundo, na kwenye mchanga wanazaana upesi. Bamia, nyanya na nyanya chungu zote ni chakula chao. Tuta hilo liondolee mizizi yote, uichome, usipeleke kwenye mboji. Kisha sia marejea, mmea wa kurutubisha udongo unaopunguza minyoo hao, tuta zima, ikue wiki 8 hadi 10, uikate inapoanza maua na kuifukia. Kwa msimu huo mmoja utakuwa na matuta matatu badala ya manne, kwa hiyo mchicha wa kila wiki utafutie nafasi kwenye matuta yaliyobaki. Unaweza kuusia kati ya mistari ya sukuma changa, mradi uung'oe kabla sukuma haijafunika.